Kipepeo wa Kankuben

Mjomba wangu Bhogilal huchonga vibao vya kupigia chapa vitambaa. Hapa Pethapur, fundi akishakuchongea nakshi, ni yako. Hamchongei mwingine hata akimlilia. Kankuben, mjane jirani yetu mchapa nguo, alikuwa na nakshi yake ya kipepeo, mabawa wazi, ukingoni madoa kama punje za mtama. Vijiji vyote vilimtaka kwenye nguo za maharusi. Kipepeo huyo ndiye aliyemlisha Kankuben.

Akaja Chinubhai, mwenye kiwanda cha karatasi za ukutani kule Ahmedabad, ananukia marashi hadi mbuzi wakapiga chafya.

"Ndugu yangu Bhogilal, namtaka yule kipepeo."

"Ana mwenyewe."

"Mpindishe pembe moja ya kichwani, atakuwa mwingine."

"Nawe ukinyoa sharubu, mkeo atakufukuza kama mgeni?"

Chinubhai akacheka, akaomba chai. Alipomaliza kikombe akasema, "Lakini mimi sichapi nguo. Umeona wapi ukuta ukiolewa?"

Kauli ya kipuuzi namna hiyo ndiyo iliyomlainisha mjomba. Akachonga.

Kibao kipya hujaribiwa kwanza kwenye kitambaa cheupe. Kankuben alikuja kunolewa kibao chake, akakiona kitambaa kikikauka kambani.

"Huyo ni wa ukutani, dada," mjomba akasema upesi. "Tazama pembe yake."

"Basi kaka, nibakishie hiyo pembe. Mengine yote umeshampa."

Miezi michache baadaye nilimwona kipepeo huyo mwenyewe, ukutani mwa choo cha hoteli iliyo karibu na stendi ya mabasi. Wanaume walikuwa wamemtemea tambuu mabawani, mate mekundu yakichuruzika hadi kwenye mkojo. Mama wa maharusi nao wanasafiri, choo chao kina karatasi ile ile, nao wana macho. Mmoja alimrudishia Kankuben nguo mlangoni: "Mama, nimwozeshe binti yangu akiwa amevaa nguo ya chooni?" Wengine hawakuja hata kumwambia.

Sasa Kankuben ameajiriwa na Chinubhai. Anasimama kutwa akigonga kipepeo yule yule kwenye karatasi, na Chinubhai anatamba hekaluni kwamba anatunza wajane. Watu wanamwinamia. Watu wale wale wanaojua kila kitu.

Jana nilimuuliza mjomba kama jambo hilo halimchomi.

"Angalau ana kazi," akasema, akijichotea dengu. "Kula, mpwa wangu, zinapoa."

Nikasukuma sahani, nikatoka nje.