Mbwa wa Isongole Aliyenipima

Mdogo wangu wa kike alitaka mbwa mdogo mwenye manyoya, wa kwanza nyumbani kwetu. Sokoni Tukuyu jamaa mmoja akanitolea mtoto wa mbwa kwenye kiroba. Nikamuuliza mama wa mbwa huyo yuko wapi, akacheka. Nilimfokea kwa kuuza mbwa asiyejulikana katoka wapi, mpaka wauza ndizi wakasimama kuangalia.

Ndipo mimi na mdogo wangu tukapanda bodaboda hadi Isongole, kwa bibi mmoja anayefuga mbwa wadogo wa manyoya nyuma ya shamba lake la viazi. Nilidhani tunachagua na kuondoka. Kumbe anayechagua ni yeye. Alituhoji kama tumekuja kuposa: nani anashinda nyumbani, mbwa atalala wapi, nani kwenu ana hasira.

"Huyu hapa," mdogo wangu akanionyesha bila aibu.

Nikawaka. "Bibi, tumekuja kununua, siyo kufanya mtihani!"

"Mjukuu wangu, kelele unazo. Sasa kaa chini, unyamaze. Mwenye watoto akuone."

Nikakaa kwenye nyasi zenye baridi, roho juu. Tukikosa hapa kwa sababu ya mdomo wangu, ningemwambia nini mdogo wangu?

Mbwa jike akaja polepole, akaninusa viatu, mikono, hadi kidevu. Mimi ninayeongea hata usingizini niliogopa hata kupumua. Halafu akajilaza kando ya goti langu, na watoto wake wanne wakaja wakijikwaa, wakaanza kunyonya hapohapo, joto lao likipenya kwenye suruali yangu.

"Haya, amekubali," bibi akasema. "Rudini kumchukua wenu wakishaachishwa ziwa."

Nikaitikia kwa kunong'ona.