Picha Yetu Ilipoanza Kupinda

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua pazia. Kwenye kichochoro kimoja nikabanwa ukutani nikimpisha mtu wa mkokoteni, na nilipoinua macho nikaona waya mweusi unaning'inia kutoka kwenye paa, ncha yake imefungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Nikaujua palepale. Mtu mmoja tu alikuwa akifunga waya namna ile ili mvua isiingie, na mtu huyo hayupo.

Rafiki yangu, kama ulikulia Dar utakumbuka kwamba kabla ya ving'amuzi tulikuwa na kebo ya mtaani. Dishi moja kubwa juu ya paa, nyaya zimevuka barabara kutoka jengo hadi jengo, na kila nyumba iliyounganishwa inaangalia kile unachokiangalia wewe. Yetu ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu aliyeuza redio na televisheni chini ya jengo la zamani la ghorofa nne. Sote tulimwita Ami. Alinichukua nikiwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, kwa sababu alinisikia nikisoma kaswida kwenye maulidi, akamwambia bibi yangu kule Ilala, "Sauti hii nipe, nitaitunza."

Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya mtaa: nani kafiwa na mazishi ni wapi, mtoto gani kapotea sokoni kavaa nini, duka gani limeshusha vitenge. Nikimaliza, fundi wa Ami, yule wa kufunga waya kwa nailoni, anaweka kanda ya taarabu au sinema. Tulikuwa wawili tu, mimi na fundi, kwenye chumba cha ghorofa ya nne. Tulitundika magodoro ukutani kuzuia makelele ya barabarani, na feni ilizimwa kila nikianza kusoma, jasho linanitiririka mgongoni huku usoni natabasamu. Kupitia dirishani ilipanda harufu ya mandazi ya hiliki kutoka kwa mama wa ghorofa ya pili. Nikienda sokoni wauza nazi wananiita, "Dada wa kebo, leo kafa nani?" Nilikuwa na fahari, nisikufiche.

Kisha jirani ikavunjwa nyumba ya kale ya udongo na bati, wakaanza kuchimba. Wapita njia walisema tajiri anataka maduka mpaka chini ya ardhi. Mashine ikaunguruma mchana kutwa, shimo likashuka chini kuliko msingi wetu, na glasi za chai zikawa zinatetemeka mezani.

Siku moja akapiga simu mteja wa mtaa wa Gerezani. "Dada, mbona leo umekaa upande?" Fundi akacheka, akasema miguu ya kamera imelegea, akainyoosha. Baada ya siku chache simu nyingine. Akainyoosha tena, akakaza skrubu zote. Picha ikapinda tena, upande uleule, upande wa shimo. Safari hiyo fundi hakucheka. Alikwenda kuazima pima maji kwa waashi wa mtaa wa pili, akailaza sakafuni, tukaichungulia wote wawili. Kile kipovu cha hewa kikakimbilia ukutani, kikaganda huko.

"Kamera haina kosa," akasema polepole. "Ni sakafu."

Ami alipanda, akaangalia, akateremka kwenda kwa mwenye jengo. Mwenye jengo akajibu kwamba majengo yote ya zamani hutitia kidogo. Kesho yake akamleta mtu aliyeziba nyufa za ngazini kwa saruji na kupaka rangi juu yake. Niamini, ile rangi mpya ilinitisha kuliko nyufa zenyewe. Bibi yangu alikuwa akisema nyumba haianguki bila kuaga, nami kila nilipopanda ngazi nilihisi jengo linatuaga na sisi tunalifunga mdomo.

Masika ikaingia. Jangwani ikajaa maji, na mtaa mzima ukawa hauna habari nyingine. Kila mchana nilikaa mbele ya kamera nikisoma kwa sauti ya upole: wakazi wa mabondeni wanaombwa kuhama, msisubiri maji yafike mlangoni. Kule jirani nako lile shimo lilikuwa limejaa, pampu inahangaika, na udongo wa ukingoni unamomonyoka. Mama wa ghorofa ya pili aliniambia mlango wake wa jikoni haufungi tena. Alisema hivyo anakanda unga, kama anayeongelea hali ya hewa.

Asubuhi moja mlango wa studio ulikataa kufunguka. Fundi akausukuma kwa bega, tukaingia, na nilipokuwa najifunga mtandio tukasikia mlio ndani ya ukuta, kama mtu anayevunja muwa kwenye goti. Halafu wa pili. Ami alipanda mbio na makubazi mkononi.

"Mwanangu, watu wote wanaangalia saa hizi?"

"Wanasubiri taarabu, Ami."

"Basi waambie washuke."

Fundi akawasha kamera. Sikuwa na karatasi. Nilisema, "Majirani zangu wa jengo hili, jengo halina usalama. Mama wa ghorofa ya pili, zima jiko, beba mtoto, shuka. Shangazi muuza udi, acha kila kitu, shuka. Msirudi kuchukua kitu." Nilirudia mpaka Ami akanishika mkono kunivuta. Ngazini tulikutana na vishindo na vilio vya watoto, watu wamejifunga kanga moja, mmoja ana sabuni usoni.

Ghorofa ya tatu alikaa mwalimu mstaafu, peke yake, asiyetaka televisheni nyumbani kwake. Fundi akasimama kugonga.

"Shikamoo mwalimu. Tushuke, jengo linaanguka."

"Marahaba. Nani kasema, hiyo sinema yenu?"

"Nasema mimi, mwalimu. Nakuomba."

Ami akasema tumngoje. Fundi akajibu, "Nyie tangulieni, nitakuja na mzee." Tukatangulia.

Tulikuwa ng'ambo ya barabara. Upande wa shimo ulikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, kisha jengo lote likaufuata, na vumbi likafunika mtaa hata sikumwona Ami aliyenishika. Waliwapata kesho yake sehemu ya ngazi. Mwalimu alikuwa mgongoni kwa fundi, mikono yake imemzunguka shingoni. Wengine wote tulikuwa hai.

Ami hakufungua tena kebo. Alimpeleka mke wa fundi kwao Rufiji yeye mwenyewe, na akawa akimtembelea kila Idi mpaka yeye Ami alipofariki. Mama wa ghorofa ya pili alihamia Mbagala, mtoto wake sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Kanda zetu zote zilibaki chini ya kifusi. Haipo hata moja yenye sauti yangu ya wakati ule. Na sauti ya fundi, nakuambia kwa uchungu, nimeanza kuisahau. Maneno yake nayakumbuka, sauti inanikimbia.

Pale tulipokuwa pana jengo refu la vioo, na pazia nililolifuata nikalipata humohumo. Binti aliyeniuzia alikuwa mchangamfu, ananikunjia huku anacheza na simu. Nikamuuliza huko juu wanaishi kina nani.

"Huko juu hakai mtu, mama," akasema. "Ni stoo za mizigo tu."

Nikamshukuru, nikatoka. Nilisimama kidogo barabarani nikisoma majina ya maduka ukutani, nikitafuta hata moja ninalolijua.