Mierebi Nyuma ya Nyumba ya Hosiana

Masele, mumewe Hosiana, alikuwa na mwalo nyuma ya nyumba yao, katika kijiji kimoja upande wa Geita. Miaka mingi aliosha pale mchanga wa dhahabu, maji machafu yakitiririkia shambani. Alipofariki, Hosiana akapanda mahindi, yakastawi. Ndipo Abel, mtaalamu wa misitu, alipokuja kupima udongo, akamwambia asiyale. Ardhi ilikuwa imejaa madini ya risasi na sumu nyingine zilizotoka kwenye mawe yaliyosagwa.

Abel alileta vipandikizi vya mierebi. Alieleza kwamba miti ile hunyonya sumu pamoja na maji, ikaihifadhi kwenye majani na mashina. Ikikatwa na kupelekwa mbali, visiki huchipua na kunyonya tena. Ila mbuzi wasile majani, wala kuni zake zisifike jikoni, kwa sababu moshi na majivu huirudisha sumu kwa watu.

Hosiana akaipanda, akaizungushia uzio wa miiba, akakodi shamba la mbali. Kila msimu alirudi jioni mgongo ukimuuma, akapita kando ya ardhi yake mwenyewe asiyoweza kuilima.

Mwaka juzi shemeji yake, mdogo wa Masele, alifariki. Hosiana alirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, akakuta wanawake wamekata mierebi na masufuria ya msiba yako motoni. Aliwasihi wayaipue, wakampuuza. Akamwaga maji kwenye mafiga.

Mama mkwe wake aliinuka, akamgeukia. “Mama Luka, mwanangu unamzika kwa njaa?”

“Mayu, mama yangu, nimewakataza watoto wasiisogelee miti hii. Leo wale chakula cha moshi wake?”

 Hosiana alibeba kuni za jikoni kwake, akapika upya peke yake. Watu walikula jua likizama, na tangu siku hiyo wengi walimsalimu kwa shingo upande.

Mwaka huu Abel alipima tena. Sumu imepungua, lakini kidogo. Hosiana aliuliza kama atawahi kulima pale.

“Labda wajukuu zako, mama,” Abel alisema.

Alipoondoka, mama mkwe alikuja polepole, akauliza mtaalamu amesema nini. Hosiana alimweleza yote. Bibi huyo akamwambia leo asiende shambani, apumzike.

Hosiana akajilaza mkekani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Kesho yake alikwenda kupalilia.