Msimuliaji wa Kombe la Kwanza

Niseme wazi tangu mwanzo: nilimwonea wivu yule mwanaume, na sijaacha.

Kila mwaka ziwa letu hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Mitumbwi hupandishwa mchangani Kashikishi, nasi washona nyavu hukaa kwenye kibanda cha mabati cha mwenye mitumbwi, tukiziba matundu. Mara nyingi Kombe la Afrika huangukia siku hizohizo. Mikono ina kazi, midomo iko huru, na kwa miaka mingi mdomo ulioongoza ulikuwa wangu.

Mimi ndiye niliyejua Kombe lilivyoanza. Nilisoma habari zake nikiwa shuleni, katika gazeti kuukuu nililofunikia daftari langu. Niliwaambia wenzangu kwamba mara ya kwanza, kule Khartoum, zilicheza timu tatu tu, Misri ikachukua Kombe. Kisha niliwapa habari ya fainali yetu ya kwanza sisi Wazambia, tulipokutana na hawa jirani zetu Wakongo wa ng'ambo ya ziwa. Tukatoka sare mbili kwa mbili, tukarudiana, wakatufunga mbili bila jibu. Kikombe cha kwanza cha chai kilikuwa changu. Usicheke. Kwa mtu asiye na mtumbwi, hicho ni cheo.

Halafu akaja yeye, Mkongo anayeishi Mantapala, kambi ya wakimbizi, akitafuta kibarua cha kushona. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Mafundo yake yalikuwa madogo na sawasawa, yangu yakaonekana kama vifundo vya mtoto. Hilo ningelimeza. Lakini siku ya tatu, nilipomaliza kusimulia habari za Khartoum, aliuliza kwa adabu kama anaweza kuongeza kidogo.

Akaanza na timu ambayo haikuja. Afrika Kusini ilitakiwa iwe ya nne, lakini serikali yake haikutaka weupe na weusi wavae jezi moja, basi ikabaki nje. Nayo ndiyo ilikuwa icheze na Ethiopia. Waethiopia wakajikuta fainalini bila kugusa mpira. Hayo yote niliyajua! Yalikuwa kwenye gazeti langu, nami nikayaruka nikidhani hayana utamu.

"Bale ba Ethiopia balingoja siku na siku, biatu safi," alisema, macho yakiwa kwenye wavu. "Munajua kungoja na biatu safi? Ile njo kazi ya nguvu. Sisi kule kambini tunaijua."

Sindano zote zikasimama. Mzee mmoja mvuvi, msemaji kuliko sote, aliweka wavu wake chini. Mkongo akaendelea hadi mabao manne ambayo Misri iliwafunga, yote ya mtu mmoja, nasi tukawahurumia Waethiopia kama tumewazaa. Kuanzia siku ile chai ya kwanza ilikwenda kwake. Hakuna aliyeamua, ilikwenda tu. Alipofika kwenye fainali ile ya kwao na yetu, alitutania bila kutuumiza, na Wazambia wenzangu wakacheka kufungwa kwao wenyewe. Mimi nilicheka pia, nikajichoma kidole.

Mwisho wa Februari mwenye mitumbwi aliniita pembeni. Alitaka kubaki na mshonaji mmoja zaidi mwaka mzima, akaniuliza habari za yule Mkongo. Nilijua jamaa ana mke na watoto, na kwamba shamba lake la mihogo halijaanza kutoa. Nilijua vizuri kabisa.

"Mkono wake ni mzuri," nilijibu. "Ila anaongea sana. Akianza, wengine wanaacha kazi."

Hakuna hata neno moja la uongo pale. Akachukuliwa mtu mwingine, aliye kimya kama jiwe. Yule Mkongo aliniaga kwa mikono miwili, akaniita yaya, yaani ndugu mkubwa kwa lugha ya kwao, akanishukuru kwa kumpa nafasi ya kusimulia. Baadaye nilisikia amevuka kurudi kwao.

Kombe lililofuata lilipofika, kibandani waliniomba niwasimulie kama zamani. Nilifungua mdomo kusema timu tatu, Misri ikachukua, lakini maneno yangu hayakutoka. Yalitoka ya kwake, kuanzia timu isiyokuja, moja baada ya jingine, hata mahali alipokuwa akipumzika nilipumzika. Sindano zikasimama. Nilipomaliza, yule mzee mvuvi alinisogezea kikombe cha kwanza.

"Yaya, leo njo umesimulia," alisema, akiiga usemi wa yule Mkongo.

Ningeweza kuwaambia kwamba maneno ni yake, na kwa nini hayupo. Nilikuwa na muda wa kutosha, chai ilikuwa ya moto. Niliitikia asante, nikainywa, na hata sifa ile niliyopewa mimi mwenyewe niliionea wivu, kwa sababu ilikuwa yake.