Fundi Miguu Aagwa

Mama yangu hutengeneza miguu. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kumbe ndiyo kazi yake. Kutwa yuko karakana ya nyuma ya hospitali, vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi, anapima, anachonga, anapiga msasa, hadi mtu aliyeletwa mgongoni mwa nduguye atoke akitembea mwenyewe. Mtaani wanamwita Fundi Miguu, nami kwa jina hilo natembea kifua mbele.

Kwa hiyo kanisa letu lilipomchagua kwenda ng'ambo miezi mitatu, kwenye kituo cha misheni chenye watu wengi waliopoteza miguu vitani, sikushangaa hata kidogo. Shangazi alipiga vigelegele mpaka mchungaji akapotea mstari aliokuwa akisoma. Mama mwenyewe aliinama, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Aliyekunja uso ni baba. Mguu wake wa kushoto ni kazi ya mama, tena ndio uliowakutanisha. Enzi hizo alirudi karakana kulalamika kwamba unambana, akarudi tena, na tena, mpaka mafundi wote wakajua kinachombana si mguu. Tangu waoane hakuna mwingine aliyeugusa. Hata sisi wanawe hatukuwa tumewahi kuuona. Huvaa suruali ndefu jua liwake lisiwake, na mguu ukihitaji kukazwa, mlango hufungwa.

Sasa kanisani kwetu mtu hatumwi mpaka wa nyumbani mwake asimame mbele ya watu, siku ya kumuaga, aseme kwa kinywa chake kwamba anamruhusu. Asiposema, safari imekufa. Na baba alikuwa ametia pamba masikioni.

Mama aliendelea na maandalizi. Alichanjwa, akapata pasipoti, akajaza begi tupa, mikanda na misasa, nguo zikabaki nje. Nilimwuliza kama huko atavaa msasa. Kila jioni alimwita baba chumbani amfundishe kuuhudumia mguu wake, na kila jioni baba alitoka akidai hajaelewa. Huyu ni fundi redio, anayefungua redio yoyote huku amefumba macho, leo eti bisibisi inamponyoka. Nilikasirika kweli. Nikamwambia shangazi kwamba kaka yake anajitia hamnazo makusudi. Shangazi akasema niache maneno, kaka yake anaogopa.

Jumamosi mama alimaliza kufunga begi, akalisimamisha mlangoni.

"Baba watoto," alisema, "usiposema kesho, nitabaki. Wala sitakununia."

Bora angegomba. Baba alimaliza chakula chake, akaenda kulala.

Kesho yake mchungaji alimsimamisha mama mbele, akauliza nani wa nyumbani anamruhusu. Baba hakuinuka. Shangazi akanifinya, kana kwamba mimi ndiye niliyeziba mdomo. Kisha baba akainuka, akaenda mpaka mbele, akaketi kwenye ngazi ya madhabahu na kuanza kukunja suruali.

Nilitamani ardhi inimeze. Mbele ya kanisa zima baba aliuvua mguu, akaulaza mapajani. Akatoa bisibisi mfukoni mwa shati, akakaza skrubu. Akabadilisha mkanda uliochakaa. Akakivalisha kigutu soksi mpya, akainyoosha isikunjamane, akauvaa mguu, akasimama na kukanyaga sakafu kwa kishindo. Bisibisi haikumponyoka hata mara moja. Aibu yangu iliisha palepale, nikajikuta nimesimama, najivunia wazazi wangu wote wawili.

Mchungaji akampa kipaza sauti.

"Kufundishwa nilifundishwa," baba alisema. "Nikajitia sijui. Nenda, mama watoto. Watu wanangoja kutembea."

Mama akamwendea, akapiga magoti pale chini, akakagua skrubu, mkanda na soksi, taratibu, kama anavyokagua kazi ya fundi yeyote. Kisha akainuka bila kurekebisha chochote.