Barua ya Bi Chausiku

Mwaka jana, wiki ya tatu ya Majilio, tukingoja Krismasi, muhuri wa jumuiya yetu ulipanda basi kwenda Bukoba. Ulikuwa ndani ya mfuko wa koti la Mzee Ansbert, mwenyekiti wetu, na sisi tuliobaki huku Chanika tulipata habari siku mbili baadaye. Lakini ninayetaka kumsimulia si Mzee Ansbert, maana huyo ameshasimuliwa vya kutosha kwenye foleni ya maji. Ni Bi Chausiku, mjumbe wa mtaa wetu, ambaye wala hajawahi kuingia kanisani.

Kwetu Wakatoliki, ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa, hata kuzikwa, jumuiya yako lazima imwandikie paroko barua kusema inakufahamu. Jumuiya yetu ni nyumba kumi na nane. Tunasali pamoja kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mimi, Mama Benson, ndiye katibu. Naita majina, naweka alama kwenye daftari la mahudhurio, naandika barua. Mwenyekiti anagonga muhuri. Bila muhuri, barua ni karatasi ya kufungia karanga.

Clara ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Analima mchicha bondeni, na Jumamosi ndiyo siku yake ya soko, kwa hiyo saa kumi alfajiri yuko kwenye matuta anachuma. Mume wake aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, hatumjadili. Mama yake alikuja kutoka Mbinga mwezi wa tisa kwa ajili ya matibabu ya figo, na madaktari walishamwambia maneno ambayo Clara hakutaka kuyarudia. Bibi yule alikuwa na ombi moja tu: amwone mjukuu wake, Jenipher, akibatizwa Krismasi, kisha arudishwe kwao. Kusubiri ubatizo wa Pasaka hakukuwa na maana, na wote tulijua kwa nini.

Clara alienda kwa Mzee Ansbert kuomba barua mwezi wa kumi na moja. Akaambiwa njoo kesho. Kesho yake akakuta mzee anakula, akasubiri amesimama getini hadi mzee akamaliza, akanawa, akasikiliza taarifa ya habari, kisha akamwambia mahudhurio yake ni mabaya, aje Jumapili. Jumapili akaambiwa suala lake linaangaliwa. Linaangaliwa na nani? Kamati nzima ni yeye na mimi, na mimi sikuwa naangalia kitu.

Na hapo ndipo paliponipandisha presha zaidi, kwa sababu mada ya Majilio tuliyopewa na parokia mwaka ule ilikuwa unyenyekevu katika uongozi. Tuliwasha mshumaa wa zambarau sebuleni kwake, na Mzee Ansbert akatufundisha unyenyekevu kwa dakika hamsini, yeye kwenye kochi, sisi kwenye mkeka. Akamtaja Yohane Mbatizaji aliyekataa ukubwa. Akasema cheo ni dhamana. Tukaitikia amina. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wengine, na mguu ulikuwa umenifia ganzi.

Jumatano ya wiki ya tatu nikaenda kumkumbusha habari ya Clara, maana barua zilitakiwa parokiani Jumamosi. Nikakuta geti lina kufuli. Nikampigia simu.

"Mie niko Bukoba, Mama Benson. Tumekuja kula sikukuu na wazee."

"Na muhuri, mzee?"

"Upo salama, ninao hapa. Siwezi kuuacha hovyo."

"Clara anahitaji barua Jumamosi."

"Utaratibu ni utaratibu. Nikirudi mwezi wa kwanza tutaliona."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilikaa kwenye kizingiti cha watu, simu mkononi, nikamsema mwenyekiti wangu maneno ambayo ilibidi niyapeleke kwa padre wakati wa kitubio.

Kesho yake Clara akaniomba nimsindikize kwa mjumbe. Hospitali ilikuwa inataka barua ya utambulisho wa mama yake, na barua hiyo huanzia kwa Bi Chausiku.

Bi Chausiku ni Mzaramo wa hapahapa, ana miaka sitini na kitu, mjane, mdomo wake kisu. Usitegemee kufarijiwa kwake. Ofisi yake ni baraza, na kiti ni kimoja tu, cha plastiki, kimeshonwa mguu kwa waya. Kiti hicho anakalia aliyekuja na shida. Yeye hukaa chini kwenye jamvi, miwani imefungwa uzi, daftari juu ya goti. Hata mtoto wa shule akija kuandikiwa barua, atakaa kwenye kiti na bibi atakuwa chini. Niliwahi kumuuliza sababu. Akanijibu kwamba mtu akisimama anamharakisha, na yeye akiharakishwa mwandiko unaharibika. Tena hakuandikii bure. Anakupa ungo wa mchele, uchambue wakati yeye anaandika. Mtaa mzima tumeshamchambulia mchele.

"Shikamoo Bi Chausiku," tulisema.

"Marahaba. Wewe Clara, kaa. Mama Benson, wewe una afya, kaa hapa chini na mie. Shika ungo."

Alikuwa na sahani ya wali na samaki mbele yake, hajafika nusu. Akaifunika, akanawa mkono, akachukua kalamu. Nilitazama sahani ile iliyofunikwa, nikamkumbuka Clara amesimama getini kwa Mzee Ansbert, na hasira zikanipanda upya. Nikaanza kulalamika. Nikamweleza habari yote: muhuri, Bukoba, mshumaa, dakika hamsini. Aliandika bila kuniangalia, na alipomaliza barua ya hospitali akaikunja, akampa Clara.

"Sasa huyo padri wenu anataka kujua nini hasa?" akauliza.

"Anataka mtu wa kusema Clara anafahamika."

"Ndo ishu yenyewe hiyo? Mie simfahamu?"

"Unamfahamu, lakini bibi, wewe ni Mwislamu."

"Kwani kumfahamu mtu kuna dini? Clara, nipe jina la mtoto."

Na akaandika. Clara alikuwa analia kimyakimya kwenye kile kiti cha plastiki, na mimi nilichambua mchele kwa nguvu kwa sababu niliona aibu. Niseme kweli, sikuwa naona aibu kwa sababu ya Mzee Ansbert. Niliona aibu kwamba nitapeleka kwa paroko barua ya bibi wa Kizaramo iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, na watu watanicheka.

Jumamosi tulifika parokiani mapema. Clara alikuwa na mtoto mgongoni, mama yake tulimwegemeza kwenye benchi la nje. Ofisini, katekista, mwalimu wa dini, akapokea barua, akaigeuza mbele na nyuma akitafuta muhuri, akataka kuturudishia. Paroko, padre kijana aliyehamia kwetu mwaka uleule, akanyoosha mkono akaichukua. Akaisoma kwa sauti ya chini, lakini tulisikia.

"Kwa mkubwa wa kanisa. Mimi Chausiku binti Mfaume ni mjumbe wa hapa. Mambo ya dini yenu siyajui na sitojifanya nayajua. Clara namjua. Jenipher ni mwanawe, nilikuwepo alipozaliwa. Clara mwenyewe anamwogesha mama yake mgonjwa. Nilipofiwa na mume wangu, wa kwanza kuja na ndoo ya maji alikuwa yeye. Nimesikia ana kosa la kutokuja kusali Jumamosi. Jumamosi alfajiri huwa namwona anapita na tenga la mchicha kichwani, na mtoto mgongoni. Mkitaka kuuliza zaidi, namba yangu hii hapa. Mimi sina muhuri."

Padre akaisoma tena, mara hii kimya. Katekista akasogeza kiti, kikapiga kelele sakafuni.

"Huyu bibi ni wa jumuiya gani?"

"Hana jumuiya, padre. Ni Mwislamu," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole. Akamwambia Clara ampeleke mama yake ndani, kwenye kivuli, na kwamba mtoto atabatizwa mkesha wa Krismasi pamoja na wenzake. Clara akapiga magoti palepale, padre akamwambia ainuke, mtoto asije akaanguka. Nikaanza kupanga maneno nitakayompelekea Mzee Ansbert kwenye simu, yale makali hasa, na nilikuwa naona utamu wake kabla sijayasema.

"Katibu wa jumuiya yenu ni nani?" padre akauliza.

"Ni mimi, padre."

"Clara unamfahamu?"

"Namfahamu sana. Ni jirani yangu, huu mwaka wa sita."

"Barua yako iko wapi?"

"Mwenyekiti amesafiri na muhuri, padre. Nilimpigia simu, nikaenda hadi kwake. Nimehangaika sana. Sina muhuri."

Aliitazama barua ya Bi Chausiku pale mezani, ule mstari wa mwisho, nami nikautazama. Kisha akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu.

"Andika tu unachokifahamu," alisema. "Nitaziweka pamoja kwenye faili la mtoto."

Nilikaa. Yale makali yote niliyomwekea Mzee Ansbert hayakunisaidia kupata hata mstari mmoja. Nilikuwa nimebeba lile daftari la mahudhurio kwapani, nililibeba makusudi, nije nimwoneshe padre jinsi ninavyofanya kazi yangu vizuri. Nikalifungua. Kwenye mstari wa Clara kulikuwa na alama nyekundu thelathini na moja, kwa mkono wangu, zimenyooka. Hakuna aliyenituma kununua kalamu nyekundu.

Nikaandika tarehe. Nikaandika kwamba kila Jumamosi nilimwita Clara mbele ya watu nikamwekea alama ya kutokuwepo, na kila Jumamosi nilijua yuko bondeni.