Mpaka Mwenye Nguo Aridhike

Shangazi yangu hawezi kuona maji ya moto yakipotea bure. Ukimwaga maji yaliyobaki kwenye birika mbele yake, atakuuliza kwanza kama huna kitambaa cha kuloweka. Mtaani wanamwita Mama Pasi. Sebule yake ndiyo duka lake la udobi: meza mbili za kunyooshea, kamba zilizotandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, madirisha yanayotoka jasho mwaka mzima, na kona moja yenye cherehani ambayo ni himaya yangu. Mimi narudishia vifungo vilivyong'oka na kupunguza mapindo ya suruali za watu waliojipima vibaya.

Alinichukua nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kaka yake, yaani baba yangu, alipofariki. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mjane mbichi mwenye mtoto wa kiume. Mwingine angekaa akalia. Yeye alinunua pasi ya mkaa, akaanza na mashuka ya majirani, na kilio chake akakifanyia katikati ya kazi, ambapo mvuke ulimsitiri.

Ukutani kuna kibao nilichokiandika mimi nikiwa bado shuleni, yeye akinitajia maneno: NGUO YAKO IKIHARIBIKA HAPA, TUTAKUFULIA BURE MPAKA URIDHIKE. Watu walimwonya kwamba sharti hilo litamfilisi. Halikumfilisi, kwa sababu hakuwahi kuharibu hata soksi. Kibao kilikaa pale bila kazi, na Shangazi akikipita alikuwa anakitupia jicho na kuinua kidevu kidogo.

Ng'ambo ya barabara yuko mwoka mikate, mgane mpole mwenye kitambi cha heshima, anayejulikana kama Mzee Hamira. Jina lilimkaa sawasawa, maana kwake kila kitu lazima kwanza kiumuke. Ukimsalimia, salamu yako anaiweka kando, anaifunika, halafu ndipo anajibu. Kwa miaka alikuwa akileta aproni zake kufuliwa, kwa mkono wake mwenyewe, ingawa ana wafanyakazi wa kuwatuma. Na kila siku aproni zilizidi kuja safi, hata ikafika siku Shangazi akainua moja kwenye mwanga na kuniuliza tufue nini hapa. Mtaa mzima ulijua anachotafuta. Shangazi alijua. Aliyekuwa hajaambiwa ni Mzee Hamira peke yake.

Sasa, mwezi ule binamu yangu, mwanawe Shangazi, ambaye ni fundi umeme mji wa mbali, akapiga simu. Chumba kiko tayari, alisema, na kitanda kipya, mama aje apumzike. Shangazi akakubali. Aliniambia mikono imechoka na kwamba hapa hakuna kinachomshika, na maneno hayo aliyasema huku macho yake yakiwa ng'ambo ya barabara. Angeondoka mwisho wa mwezi. Mimi ningebaki na pasi na kamba na mvuke, bila mtu wa kunigombeza ndani yake. Nilitaka kulia na kumpiga mtu kwa wakati mmoja, na mtu wa kupigwa nilimwona pale, anapanga mikate.

Subira mimi sikupewa. Nilivuka barabara, nikamwambia kinagaubaga: Shangazi anaondoka, na kama una neno, liseme. Mzee Hamira aliweka trei chini. Akaifuta mikono. Akaifuta tena. Kisha akasema atamwambia, ila si mbele ya ndoo na mashuka ya watu. Yeye ndiye anayewapelekea mikate wale wanaopeleka wageni kwenye mlima wa moto kuona jua likichomoza, na baadaye kwenye chemchemi za maji moto. Mwongozaji wao amemkaribisha mara nyingi. Ataomba nafasi za watu watatu.

"Jua likitokeza tu, binti," akaniambia, "nasema."

Mlima wenyewe tunauona kila siku kutoka uani, unafuka moshi kwa uvivu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga. Mlima ni wa wageni. Sisi tunafua soksi zao.

Siku ya safari Shangazi alivaa suruali ya michezo aliyoipiga pasi mpaka ikawa na mstari mbele. Kwenye kikapu alitia maji, taulo, na mche mzima wa sabuni. Nilimuuliza sabuni ya nini kileleni. Akasema hujui utakutana na nini. Mzee Hamira alitokea na shati jeupe, jeupe la kuumiza macho, ambalo Shangazi mwenyewe alilifua na kulinyoosha jana yake. Nani anapanda volkano na shati jeupe? Mtu anayekwenda kuposa. Mkononi alikuwa na ndoo ndogo yenye mfuniko, na ndani yake unga aliokwisha kuukanda, kwa sababu alisikia kwamba ardhi ya kule chemchemi ina joto la kuweza kuoka mkate.

Ndani ya gari mlikuwa na joto pia. Tulipofika nusu ya njia mfuniko ulifyatuka, na unga ukaanza kutoka taratibu kama mtu anayechungulia kujua wamefika wapi. Mzee Hamira aliukalisha chini kwa kiganja, akafunika, ukatoka tena. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilimtazama Mzee Hamira kwenye kioo cha dereva, naye akakwepa macho yangu.

Mwongozaji alikuwa mtu wa makamo mwenye miguu myembamba, ambaye wenzake walimwita Bado Kidogo, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali la umbali. Tulipanda gizani juu ya majivu na kokoto, hatua moja mbele na nusu kurudi nyuma, tochi zikitikisika, na wageni wengine wachache nyuma yetu wakihema. Kuna mahali hewa ilijaa harufu ya mayai viza. Kila mmoja alimshuku mwenzake kimyakimya, na Shangazi akanifinya mkono kwa siri, mpaka Bado Kidogo akaeleza kwamba mlima wenyewe ndio unaopumua hivyo. Tukacheka wote, hata waliokuwa hawana pumzi ya kuchekea. Kutoka hapo safari ikawa kama tumelewa. Shangazi, ambaye hupanda ngazi za ghorofani akilaumu kila ngazi kwa zamu, alitangulia mbele akiimba.

Tulifika ukingoni kukiwa bado na giza jepesi. Chini yetu lilikuwa shimo kubwa lenye moshi. Halafu mawingu yakapata mstari mwekundu, mstari ukapanuka, na jua likatoka, kubwa, bila haraka, na kila uso ukawa wa dhahabu. Watu walipiga vigelegele. Shangazi alinikumbatia, akamkumbatia Bado Kidogo, akamkumbatia mgeni mmoja asiyemjua kabisa, akiniambia kwamba miaka yote hii ametazama mlima huu na hakuna mtu aliyemwambia. Kisha akabaki mbele ya Mzee Hamira, mikono imeanguka ubavuni, anahema, anameremeta.

Mzee Hamira alifungua kinywa.

"Mama Pasi," akasema.

"Naam."

Jua lilikuwa usoni mwake. Midomo ikacheza. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake.

"Nimeleta mkate."

Ningeweza kumsukuma shimoni, na mahakama yoyote ingenielewa. Shangazi alipokea kipande cha mkate, akashukuru, akakila huku ametazama upande mwingine. Hakuimba tena.

Njia ya kushuka ni ile ya majivu laini, ambapo Bado Kidogo anakuambia ujiachie tu uteremke. Wote tuliteremka kwa furaha. Mzee Hamira alijiachia kupita kiasi, akateremka kwa kukaa, kisha kwa mgongo, kisha kwa namna isiyo na jina, na alipofika chini shati jeupe lilikuwa kama kitambaa cha kufutia jiko. Nilimsaidia kuinuka, na nikaona hapo ndipo nafasi yangu.

"Mzee Hamira," nikamuuliza, "unga ukiachwa uumuke kupita kiasi, inakuwaje?"

"Unaporomoka," akasema. "Haufai tena kwa mkate."

"Haya."

Aliacha kujikung'uta majivu, akanitazama. Safari hii sikuhitaji kumfafanulia.

Chemchemi ziko bondeni, madimbwi kadhaa yanayotoa mvuke kati ya mawe. Bado Kidogo alitutangazia kwamba la chini ndilo la kuogea, na lile la juu, lenye kingo nyekundu, ni la kutazama tu. Wageni waliingia majini wakipiga kelele za raha. Mzee Hamira alikwenda kuifukia ndoo yake kwenye mchanga wa moto, akarudi. Shangazi hakuwa amesikia hata neno moja la tangazo. Alikuwa amesimama kwenye dimbwi la juu, anatazama maji ya moto yanavyoteremka mlimani yenyewe, usiku na mchana, bila kuni, bila mkaa, na hakuna anayefua. Niliona vidole vyake vinachezacheza.

Akageuka akaliona lile shati.

"Lete hilo," akasema.

Mzee Hamira akauliza kama ni hapa hapa, mbele ya watu. Akaambiwa kwamba mbele ya watu ndipo hasa, maana watauliza dobi wake ni nani. Alilivua, akabaki na fulana, amejikumbatia. Shangazi alipiga magoti kwenye jiwe, akatoa mche wake wa sabuni, akanikonyeza, na kazi ikaanza. Povu lilipaa. Wageni walitoka majini kuja kumtazama, na wengine walipiga picha. Alirudia kuimba. Alisugua kola, alisugua vikwapa, alisuuza, akaliinua kwenye jua kwa mikono miwili kama anavyofanya siku zote.

Lilikuwa la rangi ya chungwa. Si doa, si alama. Lote, kutoka kola hadi pindo, rangi ya bati lililopata kutu.

Alilichovya tena haraka. Kadiri alivyosugua ndivyo rangi ilivyozidi kukolea. Bado Kidogo alikuja mbio akieleza kwamba maji yale yana chuma, ndiyo maana alisema ni ya kutazama tu. Mimi nilicheka, na Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. Halafu nikamwona Shangazi amekaa chini na shati mapajani, na machozi yanamtoka.

"Nimeharibu nguo ya mtu," akasema. "Naondoka, na kazi ya mwisho nimeiharibu."

Kicheko kilinikatika. Hapakuwa na mvuke wa kutosha kumsitiri safari hii.

Mzee Hamira aliinama akalichukua shati. Akalivaa likiwa linachuruzika maji. Alifunga vifungo kimoja kimoja, kwa mwendo wake ule ule, mpaka cha shingoni. Halafu, mtu ambaye salamu humchukua dakika nzima, akaanza kusema bila kumngoja mtu.

"Kile kibao chako ukutani, bado kina nguvu?"

"Kina nguvu," Shangazi akasema, akijifuta macho. "Sikukiweka pambo."

"Basi mimi sijaridhika. Na najijua nilivyo, mimi ni mtu wa polepole. Kuridhika kwangu kutamaliza umri wote uliobaki. Sasa wewe unakwenda wapi?"

Shangazi alimtazama kuanzia viatuni, akapanda na shati, akafika usoni.

"Hebu sema vizuri," akasema. "Unataka dobi, au unataka mke?"

"Nakutaka wewe. Nguo nitafua mwenyewe."

"Wewe?" Shangazi akasema. "Ukizifua wewe ndiyo zitaharibika."

Akaanza kucheka, machozi bado yakimtoka. Alipopata pumzi akasema amekubali. Mzee Hamira, ambaye hapendi kubahatisha, akauliza amekubali nini hasa. Shangazi akamjibu amekubali kuolewa, au alitaka aandikiwe kibao kingine? Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Wageni hawakuelewa hata neno moja, lakini walipiga makofi, na Bado Kidogo aliingia majini na viatu vyake.

Ndoo tuliikumbuka kwa kuchelewa. Mkate ulikuwa umeungua chini na mbichi katikati, na tuliula wote kwa vidole, tukiwa tumekaa kwenye mawe ya moto. Njiani simu ilipopata mtandao Shangazi alimpigia mwanawe, akamwambia kile kitanda akilalie mwenyewe. Nikasikia binamu yangu anacheka upande wa pili. Alisema alikuwa anasubiri simu hiyo tangu alipokinunua, kwa hiyo alikuwa hajakitoa hata kwenye maboksi.

Bwana harusi alitaka kuvaa lile shati. Shangazi alikataa katakata, akasema hawezi kusimama mbele ya watu na ushahidi. Walibishana juma zima, huyu kwa maneno mengi, yule kwa neno moja moja. Asubuhi ya harusi niliamka mapema kumsaidia kuvaa, nikamkuta sebuleni chini ya kibao, bado yuko na khanga, pasi imeshika moto. Mezani lilikuwa lile shati la rangi ya kutu. Alikuwa analinyoosha kwa utulivu, kola kwanza, kisha mabega, jinsi anavyonyoosha nguo za watu anaowaheshimu.

Nikamuuliza kama mwenye nguo sasa ameridhika.

"Bado kidogo," akasema, akaligeuza upande wa pili.